Confucius, Mozi au Han Fei: nani akusaidie kufikiria familia, jamii na serikali?

Siku hizi watu wengi wanauliza kuhusu Ukonfusio, yaani mafundisho ya Confucius, mwanafikra wa China ya kale. Wengine wameukuta kwenye Taasisi za Confucius walikoenda kujifunza Kichina (ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilifunguliwa 2005 na ndo ilikuwa ya kwanza Afrika, za Dar es Salaam na Dodoma zikaja 2013), wengine wanaangalia Singapore na Korea Kusini zilivyopiga hatua wanaambiwa siri yake ni Confucius, basi wanataka kujua kama hayo maadili yanafaa kwa jamii na serikali ya sasa. Swali zuri sana. Ila ukimsoma Confucius peke yake unakuwa umesikia upande mmoja wa kesi, maana huko huko China alikuwa na wapinzani wenye akili kali kabisa, na ukishawasikia na wao ndo unaanza kuelewa unachochagua ni nini hasa.

Kwahiyo hapa nawaweka watatu pamoja: Confucius (na Mengzi, mfuasi wake mkubwa), Mozi, na Han Fei. Wote waliishi kati ya karne ya 6 na ya 3 KK, wakati China imekatika vipande vipande, watawala wanapigana, mkulima ndo anayelipa kwa chakula chake na kwa watoto wake wa kiume. Laozi na Zhuangzi, wanafikra wa Udao, nimewaacha kwa sababu anayetafuta namna ya kuendesha ofisi au nchi hatapata mengi kwao, wao wanasaidia zaidi mtu anayetaka kupumzika na hayo mambo.

Tutawapima kwa nini

Vigezo vinne. Kwanza, utulivu unaanzia wapi, yaani mwanafikra huyu anamuonaje binadamu na anataka ashikwe kwa kitu gani. Pili, ndugu yako akikosea unafanyaje. Hiki nakipa uzito kuliko vyote kwa sababu maadili ya serikali karibu kila mahali yanavunjikia hapo hapo, kwenye simu ya shangazi anayeomba kijana wake aingizwe kazini. Tatu, kiongozi anapatikanaje, na akiharibika inakuwaje. Nne, leo hii mawazo yake yako wapi na yameleta shida gani. Alafu kila mmoja nitasema anamfaa nani.

CONFUCIUS

*Utulivu unaanzia wapi.* Nyumbani. Confucius alizaliwa 551 KK katika dola ya Lu, leo ni mji wa Qufu jimbo la Shandong, akafariki 479 KK bila kuandika kitabu, maneno yake walikusanya wanafunzi. Kwake utu hauji kwa kuamrishwa, mtu anaufanyia mazoezi kwa wazazi wake, kwa kaka yake, kwa jirani, mpaka unakuwa tabia anayoenda nayo popote, hata ofisini. Adabu na taratibu za kuamkiana, za msiba, za kula pamoja, kwake ni shule ya moyo. Anasema ukiongoza watu kwa amri na adhabu watatafuta pa kupenyea na hawataona aibu, ila ukiwaongoza kwa mfano mwema na adabu wataona aibu na watajirekebisha wenyewe. Mengzi, aliyekuja baadae kwenye karne ya 4 KK, akaongeza kwamba wema una mbegu ndani yetu: mtu yeyote akiona mtoto anataka kudumbukia kisimani moyo unamruka, kabla hata hajafikiria atasifiwa au atalipwa.

*Ndugu akikosea.* Mtawala mmoja wa sehemu inaitwa She alimjia Confucius akijisifu kwamba kwao kuna mtu mnyoofu mno, baba yake aliiba kondoo na yeye mtoto ndo akatoa ushahidi. Confucius akamjibu kwamba kwao unyoofu uko tofauti, baba anamsitiri mtoto na mtoto anamsitiri baba. Watu wengi wakifika hapa wanafunga kitabu, wanasema huu ndo mzizi wa kujuana na kubebana. Naomba usifunge bado. Mengzi aliulizwa swali gumu zaidi: Shun, yule mfalme mwema wa zamani, baba yake angeua mtu ingekuwaje? Akajibu hakimu angemkamata, na Shun asingemzuia hakimu. Kama Shun anataka kumuokoa baba yake basi angeuacha ufalme kama mtu anayetupa kandambili zilizochakaa, akambeba baba mgongoni kwa siri wakakimbilia ufukweni, akaishi huko kwa furaha akiwa amesahau kabisa habari za utawala. Angalia kilichofanyika hapo: hakupiga simu kwa hakimu. Cheo kakirudisha kwanza. Kumpenda baba ni haki yako, kumlinda kwa mhuri wa serikali sio haki yako, na sidhani kama kuna mtu aliyeiweka wazi zaidi ya hapo.

Na wazo hili halijafa. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya China iliyorekebishwa 2012 inasema mahakama haiwezi kumlazimisha mume, mke, mzazi au mtoto wa mshtakiwa aje kutoa ushahidi.

*Kiongozi.* Anapatikana kwa elimu na tabia, sio kwa damu tu. Confucius alikuwa anasema hajawahi kumkatalia kumfundisha yeyote aliyemletea hata kifurushi cha nyama kavu, na kutoka wazo hilo ikaja kukua mitihani ya kuingia utumishi wa serikali iliyodumu zaidi ya miaka elfu moja mpaka ikafutwa 1905. Kiongozi akiharibika, wajibu wa muungwana ni kumwambia ukweli usoni. Hai Rui, ofisa wa enzi ya Ming, alimwandikia mfalme Jiajing barua kali ya kumkosoa na inasimuliwa kwamba alishanunua jeneza lake kabisa, akafungwa, akaja kutoka mfalme alipofariki 1567. Mengzi alienda mbali zaidi, alipoulizwa kuhusu kuuawa kwa mfalme dhalimu Zhou wa Shang alisema amesikia kwamba kuna jamaa mmoja anaitwa Zhou aliuawa, hajasikia kwamba mfalme aliuawa, maana aliyeangamiza utu na haki ameshajivua ufalme mwenyewe. Udhaifu uko wazi lakini: kila kitu kinategemea mfalme asikie. Hakuna uchaguzi, hakuna mahakama inayomfunga mikono, kuna mtu mwema na barua yake basi.

*Leo.* Hapa kuna mengi. Singapore ilipitisha 1995 sheria inayompa mzazi mwenye miaka 60 na zaidi asiyeweza kujitunza haki ya kudai matunzo kwa watoto wake. China nayo kuanzia Julai 2013 sheria yake ya wazee inawataka watoto wanaoishi mbali wawatembelee wazazi mara kwa mara. Mtu anaweza kuuliza Confucius mwenyewe angeonaje, mtu aliyesema kumlisha mzazi bila heshima hakuna tofauti na kulisha mifugo, na mimi nadhani asingefurahi sana kuona heshima imegeuzwa kifungu cha sheria, ila mzee mwenye njaa hawezi kusubiri mtoto abadilike moyo.

Alafu kuna siasa. Mwaka 1994 Lee Kuan Yew, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Singapore, alieleza kwamba jamii za Asia Mashariki zinaweka familia na utulivu mbele ya uhuru wa mtu mmoja mmoja, Kim Dae-jung wa Korea Kusini akamjibu mwaka huo huo kwamba hapana, hiyo ni picha nusu, huko huko kwa Mengzi kuna haki ya wananchi kumuondoa mtawala mbaya. Kim alijua anachosema, alishafungwa, alishahukumiwa kifo, na baadae akawa rais kuanzia 1998. Kila anayekuuzia Ukonfusio wa kutii tu anakuuzia kipande, hilo nalisema bila kuzungukazunguka. Hata hivyo wanaolalamika nao wana haki yao: wanawake. Korea Kusini ilikuwa na mfumo wa kusajili familia chini ya mwanaume kama kichwa cha nyumba, mahakama ya katiba ikaja kusema 2005 kwamba unapingana na katiba, ukaisha 2008. Karne nyingi za wake na mabinti kuambiwa wavumilie kwa jina la adabu sio jambo la kupitia juu juu.

*Anamfaa nani.* Mzazi, mwalimu, kiongozi wa watu wachache wanaofahamiana, na yeyote anayefanya kazi mahali ambapo sheria zipo tele ila watu hawana aibu.

MOZI

*Utulivu unaanzia wapi.* Mozi aliishi karne ya 5 KK, baada ya Confucius, na wengi wanaamini alitoka kwa mafundi. Yeye anasema chanzo cha vurugu zote ni upendeleo: napenda nyumba yangu kuliko yako ndo maana nakuibia, napenda nchi yangu kuliko yako ndo maana naivamia. Dawa yake ni kuwajali watu wote bila kubagua. Wakimwambia haiwezekani anawauliza swali: unaondoka kwenda vitani, hujui kama utarudi, mke na watoto na wazazi wako utawaacha kwa rafiki anayejali wa kwake tu au kwa yule anayejali wote sawa? Kila mtu atamchagua wa pili, hata anayempinga. Nimeshindwa kumjibu Mozi hapo, na sijaona aliyemjibu vizuri.

Kipimo chake kwa kila jambo ni manufaa kwa watu: je wenye njaa wamekula, wenye baridi wamevaa, waliochoka wamepumzika? Ndo maana alipinga mazishi ya kifahari na maombolezo ya miaka mitatu waliyoyatetea wafuasi wa Confucius, akasema yanamaliza mali na kuzuia watu kufanya kazi. Mtu aliyewahi kuona familia inakopa ili msiba uonekane mkubwa atamuelewa bila kufafanuliwa. Alipinga pia ngoma na muziki wa majumba ya wafalme kwa sababu unalipwa kwa kodi za maskini, na hapo nadhani alikaza kamba kupita kiasi, watu maskini nao wanahitaji kuimba.

*Ndugu akikosea.* Kuna kisa cha Fu Tun, mmoja wa viongozi wa Wamozi aliyekuwa anaishi dola ya Qin. Mtoto wake aliua mtu. Mfalme akamwambia mzee una umri mkubwa na huna mtoto mwingine, nimeshaagiza asiuawe. Fu Tun akakataa, akasema sheria yetu ni kwamba anayeua anakufa, na mtoto akauawa. Nikisoma hiki kisa nasikia baridi, na bado siwezi kusema alikosea, maana aliyeuawa naye alikuwa mtoto wa mtu.

*Kiongozi.* Apandishwe mwenye uwezo hata kama ni mkulima au fundi, asiyeweza ashushwe hata kama ni ndugu wa mfalme. Hapo Mozi yuko mbele ya wengi. Ila anataka pia kila mtu akubaliane na aliye juu yake kuhusu lipi sahihi na lipi baya, ngazi kwa ngazi mpaka Mbingu yenyewe, na mfalme mbaya kazi ya kumuadhibu ni ya Mbingu. Sauti ya anayepinga anaiachia nafasi ndogo sana.

*Leo.* Hakuna nchi inayojiita ya Mozi, wafuasi wake walipotea baada ya China kuunganishwa 221 KK. China iliipa jina lake satelaiti iliyorushwa Agosti 2016 kwa sababu Wamozi walichunguza habari za mwanga. Lakini namna yake ya kufikiri iko kila mahali wanapogawa chanjo kwa anayehitaji kwanza bila kuuliza kabila, na kila bajeti inapoulizwa hii hela imemsaidia nani. Na hakukaa kuandika tu: aliposikia dola ya Chu inataka kuivamia dola ndogo ya Song kwa ngazi za kivita za fundi Gongshu Ban, alitembea siku 10 mchana na usiku, akaweka mkanda wake chini kama ndo ukuta wa mji, Gongshu Ban akashambulia mara tisa na mara tisa akazuiwa, vita vikaachwa. Akirudi akapita Song, mvua inanyesha, mlinzi wa geti hakumruhusu ajisitiri.

*Anamfaa nani.* Anayegawa kitu kichache kwa watu wengi asiowajua: mganga mkuu, mpanga bajeti, mtu wa misaada, mtu anayeishi kwenye mji wenye makabila na dini nyingi.

HAN FEI

*Utulivu unaanzia wapi.* Kwenye utaratibu unaofanya kazi hata watu wakiwa wabaya. Han Fei alikuwa wa ukoo wa kifalme wa dola ya Han, ana kigugumizi, kwahiyo nguvu yake ilikuwa kwenye kalamu. Hoja yake ni nzito: watu waaminifu kabisa nchini hawafiki kumi, ofisi za serikali ni mamia, sasa ukisubiri wema hizo ofisi utazijaza na nani? Weka sheria wazi zinazojulikana na wote, alafu mtawala ashike mambo mawili mkononi, zawadi na adhabu. Hisia zikae pembeni.

*Ndugu akikosea.* Anakirudia kile kisa cha kondoo kwa namna yake. Yule mtoto aliyemshtaki baba, anasema waziri alimuua mtoto kwa kuwa kamkosea baba, na baada ya hapo hakuna aliyeripoti wizi tena. Na kuna askari wa Lu aliyekimbia vita mara tatu kwa sababu ana baba mzee wa kumtunza, Confucius akamsifu akampandisha, na watu wa Lu wakaona kukimbia vita ni kawaida. Anachosema Han Fei ni kwamba mtoto mwema kwa baba anaweza kuwa msaliti kwa dola, usijidanganye kwamba hivyo viwili vinaenda pamoja siku zote. Nakubali hili ni pigo kwa Confucius, na anayempenda Confucius inabidi alale nalo.

*Kiongozi.* Ofisa apimwe kwa kazi aliyosema ataifanya, asizidishe asipunguze. Mtawala Zhao wa Han alilala amelewa, mtunza kofia akamuonea huruma akamfunika nguo asipigwe na baridi. Alipoamka akamuadhibu mtunza nguo kwa kutofanya kazi yake na mtunza kofia kwa kufanya kazi isiyo yake. Ofisi itanyooka kweli, lakini siku boss akipatwa na baridi hakuna atakayemfunika. Na mtawala mwenyewe akiharibika? Hakuna jibu, kwa sababu sheria ni ya kwake, inawafunga wote isipokuwa yeye, na ndo maana usiichanganye na utawala wa sheria tunaoudai leo wenye mahakama huru. Shang Yang, mtangulizi wa Han Fei aliyeinyoosha dola ya Qin, alitaka sheria imguse hata mrithi wa mfalme, ila aliishia kuwaadhibu walimu wa mrithi huyo. Mrithi alipokuja kutawala Shang Yang akawa mtu wa kukimbia, inasimuliwa mwenye nyumba ya wageni alimkatalia kulala kwa sababu sheria ya Shang Yang inakataza kupokea mgeni asiye na karatasi, akauawa 338 KK. Han Fei naye alifia gerezani Qin 233 KK. Qin ikaiunganisha China 221 KK kwa mbinu hizi hizi, na haikudumu hata miaka 20.

*Leo.* Kila ukaguzi wa hesabu, kila fomu ya kupima utendaji, ina kitu cha Han Fei. Hata Korea Kusini, nchi ya Confucius kabisa, zawadi na kulipiana chakula vilipogeuka njia ya rushwa ilileta sheria iliyoanza Septemba 2016 inayoweka kiwango cha juu cha mlo ambao ofisa anaweza kulipiwa, wakati ule won 30,000.

*Anamfaa nani.* Anayesimamia hela, mizigo, leseni, au watu wengi asioweza kuwajua mmoja mmoja.

Sasa wewe uko wapi?

Kama unalea watoto au una wazazi wazee, kaa na Confucius na Mengzi, Han Fei ndani ya nyumba atakuharibia. Angalizo moja tu, kazi ya kutunza wazee usiwabebeshe mabinti na wake peke yao alafu ukaiita maadili.

Kama unashika hela za kikundi, za saccos, za msikiti au kanisa, anza na Han Fei hata kama wote mnapendana: sahihi mbili, risiti, ukaguzi wa mtu wa nje. Wema wenu utabaki kwa ajili ya yale ambayo risiti haiwezi kuyapima.

Kama uko kwenye kazi ya kugawa dawa, chakula, nafasi za shule au mikopo, Mozi ndo wa kumuweka mezani, hasa ukijikuta unawaona wa kabila lako wana shida kubwa kuliko wengine.

Ofisi yako ikiwa imejaa fomu na mihuri na bado watu wanaiba, sheria mpya haitasaidia sana, hapo tatizo ni aibu na mfano wa wakubwa, rudi kwa Confucius. Ikiwa kinyume chake, watu wazuri ila hakuna anayejua nani anawajibika na nini, msome Han Fei wiki hii hii.

Una cheo cha umma na ndugu kakosea: una Shun na una Fu Tun. Mmoja aliacha cheo akaenda na baba, mwingine akaiacha sheria ichukue mkondo. Wanatofautiana vibaya sana lakini hakuna kati yao aliyebaki na vyote viwili, kiti na ndugu.

Unaishi chini ya utawala unaokanyaga watu na unatafuta maneno ya kusimamia, Han Fei hana cha kukupa, Mozi ana kidogo, Mengzi ana mengi.

Na kama wewe ni mwanafunzi tu unayetaka kuanza kusoma, usianze na mazungumzo ya Confucius yenyewe, ni vipande vifupi vifupi na utapotea. Anza na Mengzi akiongea na mfalme Hui wa Liang kuhusu faida, kisha Mozi kwenye kuwajali wote, kisha sura ya Han Fei kuhusu wadudu watano wanaoila nchi, hapo ndo urudi kwa Confucius na kisa cha kondoo.